Kisa cha mfuko wa UREA: kutoka jaruba la Ubaruku hadi mkondo wa Mafia

Tuchukue jaruba la ekari moja Ubaruku, wilayani Mbarali, mwezi wa Februari. Mpunga umeshapandikizwa na umeanza kuchipua. Mfuko mmoja wa UREA wa kilo 50 umemwagwa juu ya maji yenye kina cha sentimita 5. Siku ya tatu mvua inashuka milimani, mfereji unafurika, na mwenye shamba anafungua tundu la kutolea maji kabla kingo hazijabomoka. Maji yanaondoka na mbolea iliyoyeyuka ndani yake. Je, kinachoingia Bahari ya Hindi ni kiasi gani, na kinaingia kikiwa na umbo gani?

Majibu mawili husikika sana. La kwanza linasema kila kinachomwagwa Usangu, bonde ilipo Ubaruku, kinaishia kwa kambamiti wa Rufiji. La pili linasema mto Ruaha Mkuu, unaotoka Usangu kuelekea Rufiji, hukauka kila kiangazi, kwa hiyo hakuna kinachotoka. Yote mawili yanauchukulia mto kama bomba, limejaa au tupu. Kati ya Ubaruku na bahari kuna ardhi oevu moja na mabwawa matatu, na kila kituo kinatoza ushuru wake: kimoja kinachukua naitrojeni, kingine tope na fosforasi, kingine silika, madini ya kioo. Kaboni nayo inabadilishwa umbo kila inapopita. Kwa hiyo kinachofika si mzigo uleule uliopungua. Ni mchanganyiko mwingine kabisa.

Tuanze na hesabu ya jaruba, maana hapo ndipo mkulima ana mamlaka. UREA ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko una kilo 23. Ekari moja ni mita za mraba 4,047; kwa kina cha sentimita 5 hiyo ni kama mita za ujazo 202 za maji. Kama naitrojeni yote ingeyeyuka na kubaki ndani ya maji, kila lita ingekuwa na miligramu 114. Haibaki hivyo. Ndani ya siku chache UREA hugeuka amonia. Mchana mwani wa jaruba hunyonya kaboni dioksidi, maji yanakuwa na alkali zaidi, pH inaweza kufika 9, na amonia inapaa hewani kama gesi. Nyingine inashikwa na udongo wa mfinyanzi. Nyingine inageuzwa naitreti kwenye ngozi nyembamba ya udongo yenye oksijeni, kisha inazama sentimita moja au mbili tu chini, kwenye tope lisilo na oksijeni, ambako bakteria wanaigeuza gesi ya naitrojeni. Mpunga wenyewe kwa kawaida hupata theluthi moja ya mfuko, pengine kidogo zaidi.

Sasa tuseme siku ya kufungua tundu maji yana miligramu 10 za naitrojeni kwa lita. Zidisha kwa mita za ujazo 202: ni kilo 2, karibu sehemu moja ya kumi na moja ya mfuko. Akisubiri mpaka kiwango kishuke hadi miligramu 2, anapoteza gramu 400 tu. Tofauti hiyo haitokani na aina ya mbolea wala bei yake, bali na siku ya kufungua tundu. Njia salama zaidi inajulikana na maafisa ugani wengi, ingawa inahitaji uhakika wa zamu ya maji: toa maji kwanza, mwaga UREA kwenye tope lenye unyevu, iingize kwa mkono au kwa palizi, kisha rudisha maji na ufunge tundu kwa wiki nzima. Mwenye jaruba la mwisho wa mfereji hana anasa hiyo. Akiachia zamu yake hajui itarudi lini.

Mbolea ya kupandia, DAP, ina tabia tofauti. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na takriban kilo 10 za fosforasi halisi (lebo husema 46, lakini hiyo ni P₂O₅, zidisha kwa 0.44 upate fosforasi). Fosforasi hung'ang'ania chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu. Haisafiri na maji safi, inapanda tope. Ukitaka kujua fosforasi ya Usangu inakwenda wapi, fuata rangi ya maji.

Kabla ya kushuka na mto, inafaa kukumbuka kwamba si kila tone la Mbeya linakwenda Rufiji. Kiwira na mito mingine ya Rungwe humwagikia Ziwa Nyasa, na kutoka huko maji hutoka kwa Shire hadi Zambezi. Upande wa magharibi maji huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mlango wa kutokea. Ni Chimala, Kimani, Mbarali na wenzao wanaoshuka kutoka Uporoto na Kipengere, pamoja na Ndembera inayotoka upande wa Mufindi, ndio wanaokutana Usangu na kuunda Ruaha Mkuu. Mtu wa kijiji cha juu Uporoto anaweza kuwa na shamba la viazi ambalo nusu yake inalisha Nyasa na nusu nyingine inalisha Mafia.

Kituo cha kwanza cha ushuru ni Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu. Maji ya mashamba yakichanganyika na ya mito hutawanyika kwenye nyasi na matete, yanapunguza mwendo, na tope zito linatua. Naitreti inaingia kwenye matope yenye majani yanayooza na hewa kidogo, hali ambayo bakteria wanaoigeuza gesi wanaipenda kuliko zote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile kilo 2 hutoka kwa kupanda juu angani, wala haiendi chini na mto. Wakati huohuo Ihefu inaongeza kitu: majani yanayooza hutoa kaboni iliyoyeyuka, ile inayoyapa maji rangi ya chai, na methani inayobubujika kutoka kwenye tope. Oevu inaweza kumeza naitrojeni na kutema kaboni kwa saa ileile. Wanaoiita «chujio» wanasema nusu ya habari.

Mlango wa Ihefu ni kizingiti cha mwamba Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya ule mwamba, mtiririko unakoma hata kama oevu bado ina maji. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ilipita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka mzima. Tangu 1993 imekuwa ikikatika kila mwisho wa kiangazi, kwa wiki kadhaa au kwa miezi. Sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa kiangazi, wala si upungufu wa mvua peke yake. Kwa upande wa kaboni na virutubisho, kukatika huku kuna maana ambayo husahaulika: mto haupunguzi mzigo, unauahirisha. Majani, kinyesi cha viboko na cha mifugo, na chumvi za udongo hujikusanya kwenye madimbwi na vitanda vikavu. Mafuriko ya kwanza ya Desemba au Januari yanakuja na vyote kwa mkupuo, maji meusi yenye oksijeni kidogo, na samaki wa madimbwini hufa kabla mtu hajasema mto umefufuka.

Hapa ndipo wapimaji wengi hukosea. Kanuni ya mzigo ni rahisi: mtiririko mara kiwango. Mita moja ya ujazo kwa sekunde yenye miligramu 1 kwa lita hubeba gramu 1 kwa sekunde, yaani kilo 86.4 kwa siku. Chukua siku ya mafuriko yenye mita za ujazo 300 kwa sekunde na tope la miligramu 400 kwa lita: ni kilo 120 kwa sekunde, zaidi ya tani 10,000 kwa siku. Chukua siku ya utulivu yenye mita za ujazo 5 na miligramu 20: ni tani 8.6. Siku moja ya kwanza ni sawa na siku 1,200 za pili. Namba hizi ni za kufundishia, lakini uwiano wa aina hii si wa ajabu kwa mto wa nyanda kavu. Anayekwenda Msembe, kituo cha kupimia mto hifadhini, mara moja kwa mwezi, tena miezi ambayo barabara inapitika, kisha akazidisha wastani wa kiwango kwa wastani wa mtiririko, atapata mzigo mdogo mno. Na atauandika kwa desimali mbili.

Kosa la pili ni la upande wa mafuriko. Maji yanapopanda hubeba tope jingi kuliko yanaposhuka, hata kama kina kwenye kipimio ni kilekile, kwa sababu vumbi la kiangazi limeshakombwa. Sampuli moja iliyochotwa siku ya pili haiwezi kuwakilisha hali zote mbili. Angalau tatu: maji yakipanda, kileleni, yakishuka. Kosa la tatu ni kuchota juujuu. Udongo mwepesi hutawanyika kotekote, lakini mchanga husafiri karibu na chini. Chupa inapaswa kushushwa na kupandishwa kwa mwendo sawa katikati ya mto, wala si kutumbukizwa ukingoni ambako maji yametulia.

Tukitoka hifadhini tunafika Mtera, ambako Ruaha Mkuu hukutana na Ruaha Mdogo kutoka Iringa mjini na Kisigo kutoka kaskazini-magharibi. Bwawa hili, lililokamilika mwaka 1980 ili kulihifadhia maji bwawa la umeme la Kidatu (megawati 204), lina nafasi ya kama mita za ujazo bilioni 3.2. Mtiririko wa wastani ukiwa mita za ujazo 100 kwa sekunde, maji huhitaji takriban mwaka mzima kupita. Mwaka mzima wa maji kusimama juani. Tope linatua na fosforasi inatua nalo, na mwani unapata mwanga. Mwani huo unachota naitreti na fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka) iliyosalia, unajenga mwili, unaliwa na perege au unazama. Tofauti huonekana kwa macho: maji yanayoingia ni ya chai ya maziwa, yanayotoka yana rangi ya kijani hafifu. Rangi iliyopotea ndiyo fosforasi ya DAP. Imezikwa, ingawa si lazima milele. Kwenye tope lililoishiwa oksijeni chuma huachia fosfeti irudi majini, na kwenye bwawa lenye kina kifupi upepo hukoroga chini ukaipandisha tena.

Miongoni mwa mwani huo wapo diatomu, na hawa ndio wanaobadilisha kisa. Diatomu hujenga ganda la kioo, yaani silika. Silika haitoki kwenye mfuko wowote wa mbolea. Inatoka kwenye miamba. Maji ya mvua yenye kaboni dioksidi ya udongoni yanaposaga majivu ya volkano ya Uporoto na mawe ya Kipengere, vitu viwili huyeyuka pamoja: silika, na kaboni dioksidi iliyogeuka bikaboneti. Bikaboneti hii ndiyo mzigo mtulivu kuliko wote. Mito yote ya dunia hupeleka baharini kati ya tani milioni 800 na bilioni 1 za kaboni kila mwaka, na fungu kubwa kati ya matatu ni kaboni ya namna hii isiyo ya viumbe. Mengine ni kaboni iliyoyeyuka kutoka majani na udongo, na vipande vya udongo na majani yenyewe. Kaboni ya majani huliwa na bakteria njiani na kurudi hewani. Vipande hutua mabwawani. Bikaboneti hupita Ihefu, hupita Mtera, hupita mitambo ya Kidatu, karibu bila kuguswa. Ukiuliza nini kutoka Mbeya kina uhakika wa kuiona bahari, jibu la kwanza ni hicho, na hakuna anayekizungumzia kwa sababu hakina rangi wala harufu.

Silika haina bahati hiyo, na inaibiwa mapema kuliko watu wanavyodhani, jarubani kabisa. Mpunga ni mlaji mkubwa wa silika. Ndiyo inayofanya jani likwaruze mkono na shina lisilale. Makapi ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na ukiyachoma, majivu yake ni karibu sehemu moja ya tano ya makapi, na majivu hayo kwa asilimia 85 hadi 95 ni silika. Tani moja ya mpunga, basi, ina makapi yenye takriban kilo 36 za silika, bila kuhesabu mabua. Maji ya mto wa wastani duniani huwa na kama miligramu 10 za silika kwa lita, kwa hiyo kilo hizo ni sawa na silika ya mita za ujazo 3,600 za maji. Kisha makapi yanapakiwa kwenye lori kutoka mashine za kukobolea za Ubaruku na Chimala, yanakwenda kuchomea matofali, na silika inabaki kwenye rundo la majivu jeupe kando ya tanuri. Mabua yakirudishwa shambani au majivu yakimwagwa jarubani, sehemu yake huyeyuka tena taratibu na mpunga wa msimu ujao unapata shina gumu. Kwa hiyo majivu ya tanuri la matofali ni mbolea inayotupwa, na ni bure.

Uwiano ndio unaouma. Diatomu wa baharini huhitaji kaboni 106, naitrojeni 16, silika kama 15 na fosforasi 1, kwa hesabu ya atomu. Kwa uzito, kila kilo ya naitrojeni inataka karibu kilo 2 za silikoni (kiini cha silika), na inatosha kujenga kilo 5.7 za kaboni ya mwani. Tukiongeza naitrojeni kwa mifuko na kupunguza silika kwa makapi na mabwawa, tunapeleka chini maji yasiyowatosha diatomu lakini yanayowatosha mwani wengine wasiohitaji ganda. Diatomu ndio chakula kizuri cha wadudu wadogo wanaoliwa na dagaa na vifaranga wa kambamiti. Baadhi ya wale wengine hutoa sumu, wengine hawaliwi vizuri.

Kutoka Mtera maji hupita Ruaha Mbuyuni, ambako mashamba ya vitunguu huongeza mbolea mpya na Lukosi huongeza maji mapya, kisha Kidatu, bwawa dogo lisilokaa na maji kwa muda mrefu. Kidatu tuipite haraka. Kazi kubwa imeshafanyika juu yake.

Halafu kuna bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja na nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Ruaha Mkuu sasa inaingia humo badala ya kukutana na Rufiji iliyo huru. Hapa ukubwa wa mito ni lazima ukumbukwe, maana watu wa Mbeya na Iringa huwa tunaipa Ruaha sifa kuliko hisa yake: Kilombero huchangia karibu asilimia 62 ya maji ya Rufiji, Luwegu kama 18, na Ruaha Mkuu kama 15. Kwa hiyo naitreti inayoonekana kwenye daraja la Mkapa haiwezi kubandikwa jina la Ubaruku bila kuondoa kwanza hesabu ya Kilombero, ambako kuna miwa na mpunga wake. Na bwawa jipya linafanya kwa bonde zima kile Mtera ilichokifanya kwa Ruaha peke yake: tope linatua, diatomu wa bwawani wanachota silika. Miaka ya mwanzo linaongeza jambo jingine, kwa kuwa miti na nyasi zilizozamishwa huoza na kutoa kaboni iliyoyeyuka, kaboni dioksidi na methani. Mlipuko huo hupungua kadiri majani laini yanavyokwisha.

Kwenye delta, yenye mikoko ya takriban hekta 53,000, chumvi inakamilisha hesabu. Chembe za udongo hukataana kwenye maji baridi; zikikutana na chumvi kidogo tu zinaganda na kuzama, na ndiyo matope mikoko inayosimamia. Fosfeti iliyoshika chembe hizo inaachia kiasi inapoingia chumvini, kwa hiyo mtu anaweza kupima fosfeti nyingi katikati ya delta kuliko juu mtoni na kudhani kuna mchafuzi jirani. Nje kidogo maji bado ni ya tope na mwanga haupenyi, hivyo virutubisho vipo lakini mwani haukui. Ustawi unatokea mbele, pale tope linapoisha na virutubisho havijaisha, kwenye mkondo wa Mafia, yaani mlangobahari kati ya kisiwa hicho na bara. Mkondo wa maji ya pwani huelekea kaskazini mwaka mzima na hupata nguvu wakati wa kusi, kwa hiyo mafuriko ya Aprili husukumwa zaidi upande wa Kisiju kuliko wa Kilwa. Bila tope jipya, sehemu za delta zilizokuwa zikijengwa zinaanza kulika. Mikoko haijali UREA kama inavyojali udongo wa kusimamia.

Kurudi kwenye mfuko wetu: fosforasi ya DAP ya jirani yake karibu yote inaishia Ihefu na Mtera, naitrojeni ya UREA nyingi imekuwa gesi kabla ya Ng'iriama, na kile kidogo kinachopita kinasafiri mara nyingi kama sehemu ya miili ya mwani uliokufa, wala si kama mbolea. Jaruba moja halionekani baharini. Kinachoonekana ni upungufu wa silika na tope.

Kwa atakayetaka kuyathibitisha haya kwa bajeti ya vituo sita, tungevipanga hivi: juu ya banio la Mbarali, kwenye mfereji wa kutolea maji ya mashamba, daraja la Ibuguziwa hifadhini, chini ya ukuta wa Mtera, chini ya Kidatu, na daraja la Mkapa. Kila kituo chota wakati wa mafuriko ya kwanza, ya katikati na maji yakishuka. Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto huohuo. Chuja papo hapo: kichujio cha nyuzi za kioo kilichochomwa kwa nyuzijoto 450 kwa saa nne kwa ajili ya kaboni, utando wa mikromita 0.45 kwa ajili ya virutubisho. Kaboni iliyoyeyuka iwekwe kwenye chupa ya kioo cheusi na matone ya asidi hadi pH 2. Silika iwekwe kwenye plastiki pekee, kwa sababu kioo kinaachia silika yake majini, na isigandishwe. Barafu huiunganisha ikawa minyororo ambayo kipimo cha rangi hakiioni. Ibaki kwenye baridi ya nyuzi 4, gizani. Sampuli za silika zilizogandishwa pamoja na za naitreti kwenye friji moja, kwa nia njema ya kuokoa nafasi, huonyesha upungufu ambao haupo mtoni, na ndiyo namba pekee katika kisa hiki ambayo huwezi kumudu kuikosea.